Jiwe Ambalo Kitabu Kilisema Halijapandwa

Kitabu kile kilikuwa chembamba, kimepigwa chapa kwa mashine ya ofisini na kubanwa pini pembeni, na mpaka leo nikikikumbuka moyo unanifukuta. Kilikuwa kitabu cha kuwaelekeza watu namna ya kupanda mawe ya Mwanza. Sisemi kupanda kwa kufuata njia ya mbuzi. Nasema kupanda kwa kamba, kwa vidole na kwa ncha za miguu, kwenye mawe yaleyale ambayo mimi nimezaliwa nikayakuta. Kila jiwe lilikuwa limechorwa na kupewa jina, na chini ya jina aliandikwa mtu wa kwanza kulipanda. Mawe ya kwetu, upande wa Mkolani, yalikuwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nakaa kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Shangazi alikuwa mjane wa mvuvi, mama mnene mwenye sauti kubwa, na nyumba yake ilitazamana na uwanja wa mpira wa shule. Ilikuwa ile miaka ya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa kimekwisha andikishwa, tuna shamba la pamoja, duka la pamoja na foleni ya pamoja. Jumapili walikuwa wanakuja Wazungu wachache kutoka mjini na gari lao, wakiongozwa na mhandisi mmoja wa maji, wanashinda kwenye mawe hadi jioni. Wakishikwa na kiu wanabisha hodi kwa Shangazi kuomba maji ya mtungini. Mhandisi alikuwa na adabu zake, lazima niseme ukweli. Alimwamkia Shangazi shikamoo, alikunywa kwenye kata bila kuipangusa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya walimu wenzangu.

Siku moja akanipa nakala ya kitabu hicho, alichokiandika yeye na chama chao cha wapanda mawe, niiweke kwenye kabati la vitabu la shule. Nilikisoma nimesimama palepale uani. Jiwe la kwanza katika ukurasa wetu lilikuwa lile pana ambalo sisi tuliliita Jiwe la Ulezi. Wao walikuwa wamelipa jina la mnyama fulani wa baharini, na chini yake wameandika kwamba aliyelipanda kwa mara ya kwanza ni mhandisi mwenyewe, miaka michache tu iliyopita.

Nikamwambia, "Mhandisi, hapa pana kosa. Shangazi yangu alikuwa anaanika ulezi juu ya jiwe hili wewe hujazaliwa."

Akatabasamu. "Ndiyo, Mwalimu, lakini yeye alipita nyuma, penye mteremko. Sisi tulipanda mbele."

"Hata mbele tumepanda. Tukiwa watoto tulishindana hapo, tukishuka kwa makalio mpaka nguo zinatoboka."

"Nakuamini. Lakini hakuna aliyeandika."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akarudisha kata mtungini. Yaani utoto wangu wote, na wa baba yangu, na wa watu wote waliochunga mbuzi pale, ulikuwa haujatokea kwa sababu hatukuwa na kalamu mfukoni!

Nikaendelea kusoma kwa hasira, nikafika kwenye jiwe la pili. Hilo ni refu, limesimama peke yake upande wa ziwani, na kwa jina letu linaitwa Mkwe. Kwetu Usukumani mkwe hakaribiwi hovyo. Mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja, anaacha njia na kuingia porini hadi mama apite. Jiwe lile nalo lilikuwa hivyo, unalitazama kwa mbali kwa heshima, hulisogelei. Wao waliliita Mnara. Chini ya jina palikuwa na maneno mafupi: bado halijapandwa na mtu.

"Mmejaribu?" nikamuuliza.

"Mara nyingi. Kuna ufa mmoja tu, na katikati unakuwa mwembamba sana. Linahitaji mazoezi ya kitaalamu."

"Mazoezi gani?"

Akasema anacho kitabu kinachofundisha mazoezi hayo, ataniazima. Nikamuuliza na kamba je. Akakuna shingo. Kamba ni mali ya chama, akasema, na kanuni haziruhusu atumie mtu asiye mwanachama. Kuhusu uanachama hakusema kitu, nami sikuuliza, maana nilijua chama hicho kinakutana wapi na nani anaruhusiwa kukaa pale bila kubeba sinia. Kitabu ndiyo, kamba hapana. Nikamuuliza swali moja la mwisho: nikifika juu, jina langu litaandikwa?

"Bila shaka," akasema. "Ndiyo kanuni. Wa kwanza anaandikwa."

Basi nikalitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Si kwa ajili ya sifa, sifa mwalimu anazipata za kutosha akipita sokoni. Nilitaka mtoto wa shule yangu akikifungua kitabu kile kabatini, afike ukurasa wa mwisho, akute jina la mtu wa kwao chini ya jiwe la kwao. Hata moja tu.

Kitabu cha mazoezi kilikuja Jumapili iliyofuata, kinene, kina picha za watu wenye ndevu wanaoning'inia kwenye barafu. Nilikisoma wakati wa mapumziko ya saa nne, kamusi pembeni. Ukurasa baada ya ukurasa niligombana nacho. Kilisema mpandaji ale jibini, zabibu kavu na chokoleti. Mimi nilikuwa na dagaa, mlenda na michembe ya viazi vikavu, na sukari ilikuwa inaonekana dukani kama mgeni kutoka ng'ambo. Kilisema mpandaji abebe mfuko wa mawe mgongoni na kupanda ngazi za nyumba yake ya ghorofa kila asubuhi ili miguu iwe na nguvu na mwili ujue kusawazika. Nilicheka kwa uchungu. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa napandisha ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya mawe, bila kushika, bila kumwaga, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mazoezi. Kwetu iliitwa kumsaidia mama.

Kilisema pia kwamba mpandaji achague upande wa kusini wa jiwe, maana huko ndiko jua linakopiga, na ajaribu sehemu ngumu mchana jiwe likiwa na joto. Nikatii. Ilikuwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili, na mwezi huo hata kwetu jua linapita upande wa kusini. Nikaenda adhuhuri kwenye mawe mafupi nyuma ya shule nikashika. Jiwe lilikuwa limewaka kama kikaango. Ngozi ya vidole ilibaki pale juu, na kwa siku kadhaa nilikula ugali kwa kijiko mbele ya watoto wa jirani waliodhani nimeanza maringo. Mwandishi wa kitabu hakunidanganya, kwao jua ni mgeni wa heshima. Ila hakuwaza hata kidogo kwamba kuna mtu duniani anayelikimbia. Kuanzia hapo nilipanda alfajiri, jiwe likiwa baridi, upande wowote wenye kivuli.

Kwa ajili ya mikono, kitabu kilitaka mtu ajinyanyue kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Nilijaribu mara moja. Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya miti na udongo, kizingiti kikatoka na kipande cha ukuta, Shangazi akatoka na mwiko. Nikahamia kwenye goli la mpira. Milingoti yake ilikuwa ya mkaratusi, imara, urefu unaonitosha. Nikavaa suruali ya marehemu mume wa Shangazi, nikaikaza kwa kitambaa, nikawa naning'inia pale kabla kengele ya kwanza haijalia. Maneno yakaenea kijijini haraka. Mwalimu wa kike amevaa suruali ya marehemu, ananing'inia golini kama nyama buchani. Wengine walisema nimechanganyikiwa kwa kukosa mchumba. Wanaume wazima walisimama na baiskeli zao kutazama, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujinyanyua mara nne. Nawajua, walijaribu nilipoondoka.

Sasa nisimulie kosa nililofanya, maana hili nadhani lisingemtokea mtu mwingine ila mtu wa nchi yetu na wa miaka ile. Kitabu kilikuwa kimepanga mazoezi ya kila wiki: siku hii uning'inie kiasi hiki, siku ile upande, siku ile upumzike. Mimi nilisoma kiasi kile nikakichukua kuwa ni lengo. Na lengo sisi tulifundishwa kulifanya nini? Kulivuka! Redio ilituambia hivyo asubuhi na jioni. Pamba ivuke lengo, madarasa yavuke lengo, hata vyoo tulichimba kuvuka lengo. Ningekuwa mzalendo gani wa kutimiza kiasi tu kilichoandikwa na mtu wa Ulaya? Kwa hiyo nikazidisha mara mbili, na siku za mapumziko nikazifuta kabisa, nikaziona ni uvivu wa watu wenye chokoleti.

Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, kikanijibu. Asubuhi moja nilisikia kitu kimekwanyuka ndani yake, na kufikia mchana kilikuwa kimevimba hata chaki nilishikia mkono wa kushoto. Nilirudi kwenye kitabu, safari hii bila kugombana, nikasoma sura niliyoiruka. Ilisema mshipa wa kidole hupata nguvu wakati umepumzika, si wakati unavutwa. Misuli ya mkono inapona upesi, mishipa ya vidole polepole, na mpandaji asiyejua hivyo atajiumiza akiwa anajiona shujaa. Ilisema nipumzike wiki nyingi. Nilikasirika sana, na safari hii sikuwa na mtu wa kumlaumu ila redio.

Lakini jamani, pumziko hilo ningelipata wapi? Ulikuwa wakati wa palizi ya pamba. Shamba la pamoja lilikuwa linatungoja kila Jumamosi, walimu na wote, na jembe halijali kidole. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa. Alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya chama tawala na sauti ya mkutanoni hata anapoomba chumvi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu. Naambiwa umeumia golini."

Nikamwonyesha kidole, nikamweleza kwamba kitabu kinaagiza mapumziko. Hilo la kitabu lilikuwa kosa. Jumamosi hiyohiyo, kwenye mkutano ndani ya darasa langu mwenyewe, alisimama mbele ya ubao wangu.

"Ndugu wananchi, kumbe tunaye kupe kati yetu! Mwenzenu ana kitabu cha Waingereza kinachomwambia apumzike. Wakati sisi tunavunja migongo, yeye anapumzisha vidole! Kwani vidole vyenu havichoki?"

Watu wakacheka. Mtu niliyemwona kila Jumamosi amesimama kivulini anatuhesabu, hajashika mpini tangu kijiji kiandikishwe, ananiita mimi kupe! Nikasimama nikasema kwamba kidole hiki ndicho kinachofundisha watoto wake kuandika. Akasema nikae. Nikasema mkulima mwenye akili hata ng'ombe wake wa kulimia humfungua nira akichechemea. Hilo kila mtu alilijua, lakini mwenyekiti alikwisha tamka na hakuwa mtu wa kurudisha neno. Niliamriwa nilime mistari yangu na adhabu juu yake.

Jumamosi iliyofuata Shangazi alifika shambani mapema, akapalilia mistari yake, kisha akaingia kwenye yangu. Mwenyekiti alipomuuliza akamjibu bila kuinua mgongo, "Wewe unataka palizi au unataka mtoto wa watu alie? Kama ni palizi, hii hapa."

Alifanya hivyo mpaka palizi ikaisha. Yule mama alikuwa na magoti mabovu. Jioni alikuwa anakaa kizingitini anayakanda kwa maji ya chumvi, halafu ananikanda kidole kwa samli, na wala haniulizi jiwe lile lina faida gani. Mpaka sasa nikimfikiria mwenyekiti yule nasikia hamu ya kumtukana, na nikimfikiria Shangazi natamani kulia, na hisia hizo mbili zinakuja pamoja.

Kidole kilipopona nilianza upya, kwa akili. Nikashika kipimo cha kitabu bila kuzidisha. Nikajifunza jambo ambalo kitabu kilirudia kila sura na mimi nilikuwa nalipuuza, kwamba anayepanda ni miguu, mikono kazi yake ni kukuzuia usianguke kinyumenyume. Kwa hiyo nikaacha goli nikarudi kwenye mawe mafupi, peku, nikawa napanda nimeshika kwa mkono mmoja, halafu kwa vidole viwili, nikitafuta vijichuguu vidogo ambavyo dole gumba la mguu linaweza kusimamia. Nikajifunza kulitazama jiwe kwa muda mrefu kabla ya kuligusa. Nikajifunza kuteremka nilipopandia, jambo gumu kuliko kupanda. Polepole nikaanza kuuona ufa wa Mkwe kwa macho mengine, hapa pa kuingiza ngumi, hapa pa kuingiza vidole tu, hapa pa kupumzika. Kitabu, pamoja na jeuri yake yote, kilikuwa kinafundisha kweli. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba elimu nzuri namna hiyo ilikuwa imekaa kwenye rafu ya mtu mmoja mjini.

Kikabaki kizuizi kimoja. Kitabu kilikataza kabisa mtu kupanda peke yake. Lazima awepo mwingine chini, amekaa imara, kamba imemzunguka mgongoni, aiachie kidogokidogo na kuikaza mwenzake akianguka. Kamba sina, mtu sina. Nilimweleza Shangazi haya huku nachambua mboga, kama kulalamika tu. Akaingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na kamba ya nailoni nene ambayo marehemu mumewe alivutia mitumbwi.

"Hii ilivuta mtumbwi na samaki wake kwenye dhoruba," akasema. "Wewe uliyekonda hivyo utaishinda? Nionyeshe nikae wapi."

Kumbe mwili ule mnene ndio hasa uliotakiwa. Nilimkalisha nyuma ya jiwe la kukingia miguu, khanga imekunjwa mgongoni kamba isimkate, nikajirusha kutoka kwenye mawe mafupi mara nyingi tukijaribu. Hakutikisika. Kitabu kilitaka wawili hao wasemezane kwa maneno mafupi, kaza, legeza, nimeshika. Shangazi alikataa ufupi. Nikisema kaza, yeye anasema, "Nimekaza, mwanangu, na huo mguu wa kushoto umeuacha wapi, mbona unatetemeka, umekula kweli asubuhi?"

Tulipanda Mkwe mwezi wa saba, Jumapili, jua halijapata nguvu. Nilikuwa nimempelekea mhandisi habari, akaja na wenzake na darubini. Kumbe mwenyekiti naye alisikia Wazungu wanakuja, akaja na kofia yake, akasimama mbele ya wote. Nusu ya kijiji ikajaa nyuma yake. Wanaume wengine walikaa mbali na jiwe kwa mazoea ya mkwe.

Nilifunga kamba kiunoni kwa fundo la wavuvi nikaanza. Sehemu ya chini niliijua. Kila nilipokuta kijiwe kimekwama ndani ya ufa, nilikizungushia kipande cha kamba na kupitisha kamba kubwa hapo, kama kitabu kilivyoagiza, ili nikianguka nisifike chini. Katikati ufa ukawa mwembamba, vidole vikaingia hadi kiungo cha kwanza tu. Kile kidole cha kati nacho kimo. Nikahamisha mguu wa kulia, changarawe ikanitoka chini ya dole gumba, na nikaanguka.

Nilisikia kijiji kizima kikivuta pumzi. Halafu kamba ikanibana kiunoni, nikagonga jiwe kwa bega, nikawa naning'inia. Chini Shangazi alikuwa amelala chali nusu, miguu imekanyaga jiwe la kukingia, kamba iko mikononi.

"Nimeshika," akasema. Safari hii lilikuwa neno hilo moja tu.

Sikujua wakati ule kwamba kamba ilikuwa imeteleza kwanza viganjani mwake kabla hajaikamata, ikaondoka na ngozi. Hakuniambia. Nilirudisha vidole ufani, nikaweka miguu pale nilipopaona siku nyingi, nikapita. Juu ya hapo ufa ulipanuka, nikaingiza ngumi, kisha kiwiko, kisha nikajivuta kwa tumbo juu ya Mkwe.

Nilisimama nikaliona ziwa lote hadi visiwani. Watu chini walikuwa wanapiga vigelegele na makofi. Mhandisi alikuwa ameshusha darubini, anapiga makofi mikono juu ya kichwa, anapaza sauti, "Hongera, Mwalimu! Wewe ni wa kwanza!"

Nikataka kumpungia mkono. Nikatazama chini nisije nikajikwaa, ndipo nikaona mashimo.

Yalikuwa yamechongwa kwenye jiwe tambarare, madogo, mviringo, yamelainika ndani kwa kutumika, yamepangwa kwa mistari sawasawa. Lilikuwa bao. Ule mchezo ambao wazee wetu wanauita isolo, na hauchezwi na mtu mmoja. Pembeni palikuwa na sehemu mbili zilizokaa kama viti, moja huku na moja kule. Watu walipanda hapa, si mara moja, walipanda mara nyingi kiasi cha kuona taabu kukaa bila mchezo, wakaleta kitu cha kuchongea, wakachonga, wakacheza mpaka jiwe likalainika. Walipandaje sijui. Upande wa nyuma chini kabisa kuna kisiki kikavu cha mkuyu, labda zamani ulifika juu. Labda walipanda ufa kama mimi, bila kamba, baada ya chakula cha mchana.

Nilikaa kwenye kiti kimoja. Kwanza niliona uchungu, sikatai. Nilikuwa nimeumia kidole, nimeitwa kupe ndani ya darasa langu, ili niwe wa kwanza. Kisha nikawaza, nikishuka sasa nikaruhusu jina langu liandikwe, nitakuwa nimewafanyia watu hawa kile mhandisi alichomfanyia Shangazi na ulezi wake.

Niliposhuka nilimwambia mhandisi mbele ya wote. Alisikiliza, akainamisha kichwa.

"Huenda ni mashimo ya mvua, Mwalimu. Mvua huchimba mawe hivyo."

"Mvua yenu inajua kuhesabu? Mistari iko sawa na mashimo yako sawa."

"Sawa, tuseme ni bao. Nitaandika nani? Kitabu kinahitaji jina na tarehe."

"Andika wacheza bao. Kisha andika na mimi, wa pili, au wa mia, wa mwisho."

"Hakuna nafasi ya wa pili. Kuna nafasi ya wa kwanza tu." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma zaidi. "Mwalimu, nafasi ni yako. Umeifanyia kazi. Nami nimekuona. Kwa nini unaikataa?"

"Kwa sababu ni uongo," nikasema. "Kama huwaandiki wao, na mimi usiniandike."

Mwenyekiti akaingilia kati, akasema kijiji kinashukuru na kwamba kimevuka lengo. Nilimfuata Shangazi, ambaye alikuwa ameficha mikono ndani ya khanga, nikamwambia habari za bao. Macho yakamng'aa.

"Na kete zilikuwepo?"

"Hazikuwepo."

"Watakuwa walishuka nazo," akasema. "Mtu haachi kete zake."

Mwaka uliofuata chama chao kilipiga chapa kitabu upya. Mhandisi alikuwa amekwisha rudi kwao, lakini aliacha nakala kwa ajili ya shule yetu, na ndani ameniandikia salamu kwa wino. Nilikwenda nayo nyumbani. Shangazi alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo, polepole, kwa sababu viganja vyake havikukunjika vizuri tena tangu siku ile. Hakujua kusoma, akaniomba nimsomee penye jiwe letu.

Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikapatafuta, nikamsomea. Mnara. Bado halijapandwa na mtu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Mtu aliyeandika maneno yale aliniona kwa darubini nimesimama juu, akanipigia makofi.

Shangazi akaweka ungo chini, akavifungua viganja vyake mapajani akavitazama.

"Basi ile kamba," akasema, "nilikuwa nimemshikia nani?"